Mtandao wa simu wa kesho: tuupime kwa mtu wa mwisho wa mfereji



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea, kiwavi cha mahindi na usafi wa mifereji. Mara hii tunaongea juu ya mtandao wa simu, ile wengi wetu tunaita rezo. Sababu ni mbili. Ya kwanza, rezo imekuwa chombo cha kazi sawa na jembe na nyavu: kwa hiyo tunaita lori, tunauliza bei, tunapokea pesa. Ya pili, hivi sasa mashirika makubwa ya dunia yanapanga mtandao utakaoanza kutumika karibu na mwaka 2030. Wanasema mtandao huo utafuata mahitaji ya jamii na hautaharibu mazingira. Jamii ni sisi pia. Basi tujue tunahitaji nini, kabla watu wengine hawajajibu kwa niaba yetu.

Mfereji na mtandao ni ndugu

Kila mtu anayelima mpunga Luberizi au Kiringye anajua sheria ya mfereji. Mwenye shamba karibu na chanzo anapata maji mengi, hata yanamwagika njiani. Mwenye shamba la mwisho anangoja usiku, na mara nyingine anapata tope tu. Kamati ya maji ikitaka kujua kama mfereji unafanya kazi, haiendi kuangalia pale chanzo. Inashuka mpaka shamba la mwisho. Maji yakifika pale, basi yamefika kwa wote.

Mtandao wa simu nao unafuata mteremko, lakini mteremko wake ni wa pesa. Kampuni inajenga mnara mahali penye watu wengi na wateja wengi: mjini Uvira, kisha kwenye masoko makubwa ya barabara ya taifa namba 5, Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola. Ukiacha barabara kupanda upande wa Lemera au Bijombo, wateja ni wachache na mazuti ya jenereta yanafika kwa shida. Kampuni inapiga hesabu, inaona hasara, inasimama. Kwa kampuni hesabu hiyo ni ya kweli. Kwa mama mwenye mihogo nyuma ya kilima, maana yake ni kwamba yeye ndiye mwisho wa mfereji.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na mawasiliano, lilihesabu mwaka 2024 kwamba watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti. Katika Afrika, waliotumia walikuwa 38 kwa kila watu 100. Mijini walikuwa 57 kwa 100, vijijini 23 kwa 100. Bara ni moja, ila mfereji unaishia njiani.

Huko mbali wanapanga nini?

Mitandao ya simu inabadilika karibu kila miaka kumi, na kila aina mpya inapewa namba. Ya pili, 2G, ilianza Finland mwaka 1991. Ndiyo inayobeba sauti, ujumbe mfupi na pesa za simu kwenye simu ndogo ya vitufe. Ya tatu ilianza Japani mwaka 2001, ya nne Sweden na Norway mwaka 2009, ya tano ilifunguliwa Korea Kusini mwaka 2019. Sasa wanatayarisha ya sita.

Mwezi Novemba 2023, ITU ilipitisha mwongozo wa mtandao huo wa sita. Ndani yake kuna mambo manne ambayo lazima yaonekane katika kila kazi: uendelevu, yaani kutopoteza nishati na mali ya dunia, usalama na uwezo wa kusimama tena baada ya pigo, kuwafikia wale ambao bado hawajafikiwa, na kutumia kompyuta zenye akili kuendesha kazi. Tukisoma haya tunafurahi. Lakini wote tumeshaona ramani ya mfereji iliyochorwa vizuri, yenye maji kila mahali, halafu shamba la mwisho likabaki kavu. Kinacholeta maji ni watu wa mwisho kujua haki yao na kuisema kwa pamoja.

Sisi maagronomu tunaotembea na ninyi mashambani tumeona mahitaji manne. Tunayaweka hapa kusudi kila koperative iyajadili.

Hitaji la kwanza: bei ifike kabla ya lori

Lori linapofika kijijini wakati wa mavuno, mnunuzi anajua bei ya Uvira, anajua na ya Bukavu. Mkulima asiye na rezo anajua bei moja tu, ile anayoambiwa na mnunuzi. Hapo hakuna maelewano ya bei, kuna kupokea tu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Koperative iko na magunia 200 ya kilo 100. Kama kutojua bei kunapoteza faranga 100 tu kwa kilo, gunia moja linapoteza faranga 10 000, na magunia yote yanapoteza faranga 2 000 000. Pesa hizo hazikuliwa na panya wala na mvua. Zilipotea kwa kukosa simu moja iliyopata mtu mjini.

Kwa wavuvi, ushahidi upo. Katika jimbo la Kerala, India, minara ya simu ilijengwa pwani kati ya mwaka 1997 na 2001. Mchumi Robert Jensen alifuatilia soko la samaki la huko, akatoa matokeo mwaka 2007. Kabla ya simu, siku moja ufuko huu ulijaa samaki mpaka wanatupwa, na ufuko wa jirani wanunuzi walirudi mikono mitupu. Baada ya simu, wavuvi wakiwa bado majini waliuliza bei na kuchagua mahali pa kutia nanga. Samaki waliacha kutupwa, faida ya wavuvi ilipanda karibu asilimia 8, na bei kwa mlaji ilishuka karibu asilimia 4. Mwenye kuuza alipata, mwenye kula naye alipata.

Sasa tufikirie mtumbwi unaorudi alfajiri na ndagala kutoka Ziwa Tanganyika. Ushuke Kalundu, Makobola au Swima? Ndagala hawangoji, jua likipanda wanaanza kuharibika. Mnara unaosambaza rezo upande wa nchi kavu tu unamwacha mvuvi gizani katika saa ile anayoihitaji zaidi. Kugeuza antena moja itazame ziwani ni uamuzi wa mipango, na anayepanga hawezi kujua kama hakuna aliyemwambia.

Hitaji la pili: simu ndogo isiachwe

Mtandao mpya ukija, ule wa zamani mara nyingi unazimwa kusudi mawimbi yake yatumiwe na mpya. Kule Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G mwanzo wa mwaka 2017. Simu za wateja wake zilizotegemea 2G peke yake zilibaki kama kipande cha plastiki.

Hapa kwetu, simu ndogo ya vitufe ndiyo simu ya mkulima. Betri yake inakaa siku nyingi, haiogopi vumbi, bei yake inawezekana. Ndani ya nyumba nyingi, kama kuna simu kubwa, iko mfukoni mwa baba. Mama anatumia ndogo, ao anaazima. Na ni huyo mama anayeuza mihogo na lengalenga, ni yeye anayepokea pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ukizima 2G bila kumpa kitu kingine anachoweza kununua, umemfungia soko na sanduku la pesa kwa siku moja. Juu ya hiyo tunasema: mtandao mpya uongezwe, lakini ule unaobeba simu ndogo usizimwe mpaka mtu wa mwisho amepata njia nyingine.

Vilevile, programu za kilimo zitengenezwe kwa ajili ya mahali ambapo rezo inakuja na kupotea. Mfano mzuri upo tayari. PlantVillage Nuru ni programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA na FAO. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, inakuambia kama kuna dalili za batobato au za michirizi kahawia. Inatambua pia uharibifu wa kiwavi jeshi kwenye mahindi. Inaongea Kiswahili. Na ukishaipakua mara moja mjini, inafanya kazi shambani bila intaneti. Inahitaji simu kubwa, lakini koperative nzima inaweza kutumia moja. Aliyeitengeneza alianza kwa kufikiria shamba, ofisi ikafuata nyuma.

Hitaji la tatu: mnara usizime siku ya mvua

Hakuna mtu wa Uvira aliyesahau Aprili 2020, wakati mto Mulongwe na mito mingine ilipobomoa nyumba, ikachukua watu na kuvunja daraja. Miaka iliyofuata ziwa nalo lilipanda likaingia katika nyumba na mashamba ya Kavimvira. Na tunajua pia kwamba barabara inaweza kufungwa kwa sababu ya usalama, siku moja ao wiki nzima. Katika siku kama hizo, simu ndiyo barabara inayobaki. Kama mnara unategemea jenereta, na mazuti yanategemea barabara, basi barabara ikikatika mnara nao unafuata.

Mambo mawili yanawezekana. La kwanza ni nguvu ya jua. Mnara mdogo wa kijijini hauli umeme mwingi. Paneli na betri nzuri zinautosha, na lori la mazuti halihitajiki tena. Orange na Vodacom zimetangaza kwamba zitajenga pamoja minara ya jua hadi 2 000 katika vijiji vya Kongo kwa muda wa miaka 6. Habari hiyo ni njema. Swali letu ni mingapi itafika uwanda wa Ruzizi, pwani ya ziwa na milimani, na katika vijiji gani.

La pili ni onyo. Kuna njia ambayo mnara unarusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo chini yake kwa wakati mmoja, bila kujua namba ya mtu na bila kukata uniti. Njia hiyo inawezekana hata kwa simu ndogo, kama simu yenyewe imetengenezwa kuipokea na imefunguliwa. Umoja wa Mataifa ulizindua mwaka 2022 mpango wa kufikisha maonyo ya mapema kwa kila mtu duniani ifikapo mwisho wa 2027. Mvua ikinyesha kubwa juu ya milima, mto unafika bondeni baada ya muda mfupi tu. Muda huo mfupi unatosha kuondoa watoto, mbuzi na mbegu, kama habari inashuka mbio kuliko maji.

Hitaji la nne: mtandao usitie sumu udongo wetu

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchini kwetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga, nayo inaingia katika betri za simu. Koltani ya Kivu inaingia katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Ni kusema udongo wa Kongo unasafiri mbali, unarudi kwetu kama simu, na simu ikikufa tunaitupa tena kwenye udongo. Nani amewahi kuona sanduku la kukusanya betri zilizokufa katika soko la kijiji?

Sisi wakulima ndio tunaoumia kwanza. Betri kubwa ya paneli ya jua ina asidi na madini ya risasi. Ikipasuliwa karibu na nyumba ao ikimwagwa mferejini, risasi inabaki ardhini miaka na miaka, na inaharibu akili ya watoto wanaochezea pale. Mtandao wa jua ni mzuri, lakini kila mnara wa jua una betri, na kila betri ina siku yake ya kufa. Kampuni inayoleta betri iandike tangu mwanzo nani atazirudisha na lini. Na simu zenyewe ziwe za kutengenezeka: betri inayotoka, kioo kinachobadilishwa na fundi wa sokoni. Simu inayodumu miaka sita inachafua kidogo kuliko tatu zinazodumu miwili-miwili.

Kuna waliojaribu wenyewe

Kungoja kampuni si njia pekee. Katika jimbo letu la Kivu Kusini, kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu kilipata mtandao wa jamii unaoitwa Pamoja Net, miaka ya 2010. Intaneti ilivushwa juu ya maji kwa mawimbi ya redio, ikagawiwa kwa watu pale kisiwani.

Mbali zaidi, huko Mankosi, kijiji cha Eastern Cape katika Afrika Kusini, wanakijiji walianza mwaka 2012 mtandao wao unaoitwa Zenzeleni, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Cape. Waliuandikisha kama koperative. Vifaa vinafungwa kwenye nyumba za wanakijiji na vinatumia nguvu ya jua. Vituo vilevile viliwasaidia watu kuchaji simu, na pesa ikabaki kijijini. Mtandao ule ni mdogo na unahitaji mafundi wanaojua kazi. Lakini unaonyesha kwamba watu wanaoweza kusimamia mfereji wa maji, wakiwa na zamu, daftari na adhabu ya asiyefagia, wanaweza kusimamia pia mfereji wa mawimbi.

Sheria inatupa nini?

Nchi yetu iko na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, inayohusu mawasiliano na teknolojia ya habari. Ndani yake kuna kanuni ya huduma kwa wote, yaani kila mkaaji wa nchi afikiwe, na kuna mfuko wa maendeleo wa kazi hiyo, FDSU. Mamlaka inayosimamia makampuni ya simu ni ARPTC. Ofisi hizo zipo kwa ajili ya vijiji pia.

Wengine watasema: nani atatusikiliza? Tukumbuke RAM. Mwaka 2020 uniti zetu zilianza kukatwa kwa ajili ya rejista ya simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu kubwa. Watu walilalamika, mjini na kijijini, na bungeni pia. Mwaka 2022 makato hayo yakaondolewa. Kanuni ya simu imeandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya.

Zaidi ya hapo, koperative iliyoandikishwa kufuata sheria ya OHADA ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kuandika barua, kufanya mkataba na kupangisha kiwanja. Kampuni ikitaka kuweka mnara kwenye ardhi yenu, mkataba uwe na koperative, uandikwe, usomwe kwa lugha ambayo memba wote wanaelewa kabla ya mtu kutia sahihi.

Tufanye nini kuanzia sezoni hii?

1. Chora ramani ya rezo. Kila kikundi kichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, wenye simu ndogo. Kwa mwezi mmoja waandike katika daftari: mahali (shamba, soko, ufuko, shule, kituo cha afya), siku na saa, kampuni, kama ujumbe ulitoka, kama pesa ilipita. Waandike pia pale ambapo simu inakamata mtandao wa Burundi kuliko wa kwetu. Hilo linatokea sana kando ya Ruzizi, na linakula uniti bila mtu kujua.

2. Andikeni barua moja. Barua kumi za koperative kumi ni karatasi. Barua moja ya koperative kumi, yenye ramani na hesabu ya watu, ni soko ambalo kampuni inaweza kuliona. Nakala ziende ARPTC, FDSU, ofisi ya teritware na kwa makampuni yenyewe. Msiandike "tunaomba rezo" peke yake. Andikeni: kaya ngapi, magunia mangapi kwa mwaka, mitumbwi mingapi, mnara gani unazima na siku ngapi kwa mwezi.

3. Wekeni kituo cha kuchaji kwenye depo. Paneli moja ya koperative, zamu, na daftari. Siku za soko, mama wanaouza wapewe nafasi ya kwanza.

4. Pangeni mti wa habari. Mtu mmoja anauliza bei Uvira kila siku ya soko. Anawaambia watano, kila mmoja anaambia watano. Asiye na simu awe na jirani anayejulikana kwa jina. Mti huohuo utabeba onyo la mto ukijaa.

5. Kusanyeni betri zilizokufa. Sanduku lenye kifuniko, ndani ya depo, mbali na mbegu, maji na watoto. Msipasue, msichome.

Katika mkutano wenu ujao, daftari la rezo liwe kwenye ajenda pamoja na daftari la mifereji. Wahuishaji wetu watapita kukusanya ramani, kusudi tuziunganishe ziwe moja kwa uwanda mzima na pwani. Msianze kuchora kutoka barabarani. Anzeni na ile nyumba ya mwisho.